Mwanaspoti, poda haitakukinga ukiwa na njaa

Unaamka saa kumi na moja alfajiri, unakimbia kilomita 15, unaoga, unadandia matatu, kisha unashinda na strungi na mandazi mawili hadi jioni. Wiki ya tatu mafua yanakubana. Unasingizia baridi ya Julai, halafu unatoa maelfu kununua mkebe wa poda ya 'kuongeza kinga'.

Kijana, tuambiane ukweli: mwili wako una njaa.

Mazoezi makali na marefu hupandisha homoni za msongo, nazo hupunguza makali ya kinga. Ukikosa wanga, hupanda zaidi. Ukikosa protini, mwili hukosa malighafi ya kuunda seli za kinga. Poda haizibi pengo hilo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uliwakuta wakimbiaji wetu hodari wakipata zaidi ya robo tatu ya nguvu zao kutokana na wanga. Chakula chenyewe? Ugali, wali, viazi, uji na maharagwe.

Basi kula kitu kabla ya kutoka, hata ndizi moja. Ukirudi, usikawie: mayai, omena au githeri ya kibandaski, na chungwa la mama mboga. Strungi isubiri kidogo, maana huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga.

Kama unashindana, kumbuka pia kwamba baadhi ya poda zimewahi kukutwa na dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Ukipimwa, anayefungiwa ni wewe, si muuzaji. Hizo pesa za mkebe zipeleke sokoni.