Breki Kabla ya Mteremko

Barabara itokayo Nkubu kwenda Mitunguu huteremka hadi kwenye mashamba ya migomba, na baiskeli ndiyo punda wa wengi huko. Nawauliza walimu: yafaa nini mwanafunzi kufunzwa msuguano darasani, kisha apande baiskeli ambayo raba zake za breki zimekwisha?

Mwaka 2022 Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli wetu mashuhuri, alianguka na kufariki katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani. Ikiwa kasi haikumstahi bingwa, itamstahi mtoto anayesimamisha baiskeli kwa soli ya kiatu?

Rai yangu ni kwamba kila shule itenge nusu saa kila Ijumaa. Wanafunzi wapime breki, wakaze nati za magurudumu, na kuufuta mnyororo vumbi kabla ya kuupaka mafuta. Aidha wazoee kufinya breki zote mbili taratibu, uzito wa mwili ukiwa nyuma, kwani ya mbele ikifinywa peke yake kwa ghafla humrusha mpandaji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tusiponunua raba za breki, tutachangia jeneza.