Mkate Usigeuzwe Kiboko

Kuna njia mbili za kumtawala mtu pasipo ridhaa yake. Ya kwanza ni kumtisha kwa askari na jela, na hiyo kila mtu huiona. Ya pili ni kumshika tumboni. Mwananchi huambiwa, mara kwa uwazi na mara kwa mafumbo, kwamba eneo lake likipiga kura vibaya barabara haitatiwa lami, mbolea haitafika ghalani kwa wakati, zahanati itakosa dawa, na kijana wake aliyehitimu atazunguka na vyeti vyake hadi vichakae. Hapigwi rungu wala hashtakiwi. Ananyimwa tu kilicho chake, kisha anaagizwa ashukuru kwa makombo. Hiyo ni shuruti ya kiuchumi, nasi tunaonya kwamba taifa linalotawaliwa hivyo hutayarishiwa ghasia na watawala wake wenyewe.

Silaha hii haikubuniwa jana. Serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1901, na kadiri walowezi walivyoongezeka ndivyo kodi ilivyokuwa njia ya kuwasukuma Waafrika mashambani mwao, maana asiyekuwa na fedha alilazimika kwenda kuajiriwa ili alipe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kodi ilipandishwa, wanaume wakavishwa kipande shingoni, na mwaka 1921 walowezi wakaazimia kukata mishahara kwa theluthi moja. Harry Thuku akasimama kupinga. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi jijini Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa wanawake waliosimama mbele. Risasi zikafyatuliwa, na serikali yenyewe ikakiri vifo 21. Wakubwa wa siku hizo walisema kisa ni uchochezi. Walisahau kuutaja mshahara uliokatwa.

Tulipopata uhuru tulitaraji kiboko hicho kivunjwe. Kikahama mkono tu. Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo ziende kwanza katika maeneo yaliyohesabiwa kuwa na uwezo mkubwa wa kuzalisha, na kaskazini ya nchi ikaachwa na vumbi lake. Katika enzi ya chama kimoja, machifu walikusanya michango ya harambee kana kwamba ni kodi, na kulikuwa na mahali ambapo mtu asiye na kadi ya KANU alizuiwa hata kuingia sokoni. Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991 na vyama vingi vikaruhusiwa, shuruti haikukoma. Rais Moi aliufupisha utaratibu wote kwa maneno manne aliyoyarudia mara nyingi: siasa mbaya, maisha mbaya.

Uchaguzi wa Desemba 1992 ulitanguliwa na mafuriko ya fedha zisizokuwa na mali ya kuzitegemeza, huku hazina ikifyonzwa katika kashfa ya Goldenberg kwa kisingizio cha dhahabu iliyodaiwa kuuzwa ng'ambo. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulipita asilimia 40. Tafsiri yake jikoni ilikuwa nyepesi. Mpiga kura alihongwa kwa fedha yake mwenyewe, kisha akailipa hongo ile tena dukani kila aliponunua unga.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Watu wakishafundishwa kwamba hawawezi kula mpaka mtu wao aingie Ikulu, uchaguzi hugeuka kuwa vita vya kugombea sufuria, na jirani wa kabila jingine huonekana kuwa mdomo wa ziada. Mapigano yaliyoanza katika Bonde la Ufa Oktoba 1991, na umwagaji wa damu uliofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ambao uliua watu zaidi ya 1,100, hayakuletwa na umaskini peke yake. Tume ya Akiwumi na Tume ya Waki zilionyesha mkono wa wanasiasa na wa maofisa wa utawala. Lakini mchomaji huhitaji nyasi kavu, na nyasi hizo zilikaushwa kwa miaka mingi na serikali iliyogawa ardhi, kazi na barabara kama zawadi kwa watiifu.

Ndiyo sababu Katiba ya 2010 iliuweka mkate wa taifa chini ya sheria. Ibara ya 201 inaagiza kwamba mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki na matumizi ya fedha yajenge usawa. Ibara ya 203 inazipa kaunti zote 47 angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ya 204 imeweka mfuko wa kuyainua maeneo yaliyoachwa nyuma. Hakuna mahali katika Katiba hiyo palipoandikwa kwamba maji ya bomba ni shukrani kwa kura.

Hata hivyo, mwaka 2023 naibu wa rais wa wakati huo, Rigathi Gachagua, aliifananisha serikali na kampuni yenye wenye hisa, akimaanisha kwamba waliowekeza kura ndio wa kuvuna kwanza. Alipoondolewa madarakani Oktoba 2024, kauli hizo zilikuwa miongoni mwa mashtaka yake. Hatusemi kwamba waliomshtaki walikuwa malaika; wengi wao walikuwa wamekaa naye kwenye meza ileile. Tunasema tu kwamba neno hisa lilitamka waziwazi lililokuwa likitendwa kwa siri tangu zamani.

Kisha ukaja Mswada wa Fedha wa 2024. Wafanyakazi walikuwa tayari wamekwisha kukatwa tozo ya nyumba, na mswada ukataka hata mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Pendekezo hilo la mkate liliondolewa baada ya vijana kuanza kuandamana, lakini mengine mengi yakabaki. Tarehe 25 Juni waandamanaji waliingia Bungeni, na polisi wakaua. Kesho yake rais akatangaza kwamba hatatia sahihi. Makumi ya vijana walikufa katika wiki hizo, na wengine walitekwa na watu wasiovaa sare. Tunauliza, kama ilivyostahili kuulizwa mwaka 1922: kwa nini malalamiko yalisikika tu baada ya mazishi?

Wapo watakaotujibu kwamba serikali haiendeshwi kwa maombi, kwamba madeni lazima yalipwe, na kwamba fedha zikiwa haba ni lazima wengine wangoje. Hayo ni kweli, na mwananchi wa kawaida huyaelewa kuliko waziri, kwa kuwa kila mwezi yeye huchagua kati ya karo na dawa. Wananchi hawakatai kodi. Wanakataa kutozwa bila kusikilizwa, na wanakataa kungoja milele huku wakiona foleni inarukwa na wenye hisa. Dhiki inayogawanywa kwa haki huvumilika. Dhiki inayotumiwa kuadhibu huzaa chuki.

Waumini wanakikumbuka kisa cha Rehoboamu katika kitabu cha kwanza cha Wafalme. Watu walimwendea Shekemu na ombi moja, awapunguzie kongwa zito alilowatwika baba yake. Wazee walimshauri awasikilize. Yeye akafuata ushauri wa vijana aliokua nao, akawaahidi mateso makubwa zaidi. Makabila kumi yakajitenga naye, na Adoramu, msimamizi wa shokoa, alipotumwa kwao akapigwa kwa mawe hadi akafa. Yafaa tukumbuke kwamba watu wale walianza kwa ombi. Mawe yalikuja baada ya jibu.

Basi tufanye nini sisi tunaotaka mageuzi na hatutaki mawe? Kwanza, wanaharakati waache kungoja siku ya maandamano peke yake. Ibara ya 37 inatulinda tukiandamana kwa amani na bila silaha, na haki hiyo tusiiache. Lakini njaa ya kesho hupangwa katika bajeti ya leo. Kila kikundi kidai makadirio ya kaunti yake, kihudhurie vikao vya kukusanya maoni, kiandike ni mradi upi ulitengewa fedha na haukuonekana. Pili, tusichoke na mahakama. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaurejesha uhalali wake. Njia hiyo ni ndefu na ina miiba, lakini haina majeneza.

Tatu, makanisa yajikague. Madhabahu inayopokea bahasha ya mwanasiasa Jumapili haiwezi kumkemea Jumatatu. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliagiza urudishwe mchango ambao rais alikuwa ameutoa katika parokia ya Soweto. Parokia ile ilihitaji nyumba ya mapadri, na fedha zilikuwa zimekwisha kutolewa. Ndiyo maana kitendo kile kilikuwa na uzito. Kila kamati ya kanisa ijiulize ingefanya nini bahasha kama hiyo ikiwekwa mbele yake.

Nne, na hili ni kwetu sote, tusikubali hasira ya haki ielekezwe kwa jirani. Aliyetunyima barabara si mama wa kabila jingine anayeuza mboga sokoni. Kijana anayelipwa shilingi chache achome duka lake ametekwa na shuruti ileile tunayoipinga: amenunuliwa kwa njaa yake.

Kwa walio madarakani tuna neno moja. Mnayo hazina, nasi tumewakabidhi ufunguo kwa muda. Mkiifungua kwa sheria, kwa wote, hata waliowanyima kura watawaheshimu. Mkiigeuza kiboko, mjue kwamba mgongo nao una kikomo cha kuvumilia, na kwamba siku ya kikomo hicho hatutakuwa na nguvu ya kuwatuliza watu kwa tahariri.