BAKA, ANC, CBR: nani atawasomea wajane karatasi za jeshi?

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Goma, Kalemie na Lubumbashi kuna karatasi ya zamani ya jeshi iliyowekwa ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Mwenyewe amekwisha kufa. Mjane anaitoa siku anapodai malipo ya marehemu mume wake, na hapo ndipo taabu inaanza, kwa sababu ukurasa mzima ni herufi: Mle, Cie, Bn, EM, BAKA. Karani kijana anaitazama, anairudisha, anasema haisomeki.

Inasomeka. Mle ni matrikule, yaani namba ya askari, na hiyo ndiyo ya kunakili kwanza, maana jina la mzee laweza kuandikwa kwa namna tatu. Cie ni kompania, Bn ni bataliani, EM ni makao ya wakuu. Stan ni Stanleyville, Kisangani ya leo.

Jina la jeshi lenyewe linatoa tarehe. FP ni Force Publique, jeshi la wakoloni hadi 1960. ANC ni Armée Nationale Congolaise iliyolifuata. Tangu 1971 ni FAZ, 1997 ni FAC, 2003 ni FARDC. Lakini tuangalie vizuri: muhuri unaonyesha mwaka karatasi ilipoandikwa, si lazima mwaka mzee alipopigana. Muhuri wa FAZ juu ya utumishi wa 1964 haumaanishi kwamba karatasi ni ya uongo.

BAKA ndiyo inayosumbua zaidi. Si baka la ngozi wala si kabila. Ni Base ya Kamina, katika Haut-Lomami. Wabelgiji walianza kuijenga 1949. Kwa hiyo familia inayosema kwamba babu aliondoka BAKA kwenda kupigana na Waitaliano kule Abisinia inachanganya safari mbili, kwani Waitaliano walijisalimisha Saïo mwezi wa saba 1941, miaka minane mapema. Pengine babu alifanya yote mawili. Karatasi ndiyo itakayosema.

Mwaka 1964 ni habari nyingine. Wakati wa vita vya Simba, pale Kamina ndipo ilipokusanywa 5 Bde Méca, brigedi ya tano chini ya Kanali Vandewalle, iliyopitia Kongolo na Kindu hadi Kisangani. Makomando wa Ubelgiji nao waliruka kwa ndege kutoka Kamina usiku wa kuamkia tarehe 24 Novemba. Askari wa ANC mwenye BAKA na 5 Bde Méca kwenye ukurasa mmoja wa mwaka huo hakuwa akilinda ghala. Alikwenda vitani, na mjane wake ana haki ya kulisema hilo mbele ya karani.

Hata vijana wamo. CBR ni kituo cha brassage, mahali wapiganaji wa makundi mbalimbali walipochanganywa kuwa jeshi moja baada ya makubaliano ya amani ya 2003. Kamina ilikuwa na kituo hicho. Wengi waliotoka Kivu walipita pale, na wajane wao bado wana watoto wa shule.

Tunaomba jambo dogo. Wizara ya Ulinzi itoe orodha moja ya vifupisho vya jeshi tangu FP hadi FARDC, kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, ibandikwe kila ofisi inayopokea madai ya wajane. Ni kurasa chache, na haihitaji mradi wala wafadhili. Lakini ifanywe sasa: kijana aliyeingia jeshini 1964 akiwa na miaka ishirini amekwisha kupita themanini, na yeye ndiye anayeweza kusoma vile vifupisho ambavyo havimo katika kitabu chochote.

Wakati tunangoja, familia ipige picha ya kila ukurasa, na upande wa nyuma pia. Mara nyingine muhuri wa BAKA uko huko nyuma.