Mizani ya Damu

Mzazi amwonapo mwanawe akitweta kitandani, ilhali hakukimbia wala hakubeba mzigo, hudhani mara moja kwamba kifua ndicho kiumwacho. Husema hii ni pumu, au ni homa ya mapafu. Na wako wasemao ni pepo. Aghalabu kweli huwa ni kifua. Lakini iko pumzi ya namna nyingine, ndefu na nzito, itokayo katika mapafu mazima yasiyo na ugonjwa wowote. Pumzi hiyo siyo maradhi yenyewe, bali ni mwili unaojipigania. Asiyeitambua huweza kumpoteza mtu ambaye bado alikuwa na nafasi ya kuokolewa.

Yatupasa kwanza tujue kwamba damu ya binadamu ina mizani baina ya ukali wa tindikali na hali iliyo kinyume chake, mfano wa magadi. Wataalamu huipima kwa tarakimu. Maji safi ni 7. Maji ya ndimu, kwa ukali wake, ni kiasi cha 2. Na damu ya mtu mwenye afya hukaa baina ya 7.35 na 7.45. Ikishuka chini ya 6.8, ni nadra mtu kuishi. Nafasi hiyo ni nyembamba mno, na juu ya hayo, mwili wenyewe hufanya tindikali kila siku kutokana na chakula na kazi zake.

Kwa sababu hiyo mizani hii ina walinzi watatu. Wa kwanza ni chumvi ya jamii ya magadi iliyomo katika damu. Hiyo huikabili tindikali papo hapo, na katika kukabiliana huko hutokea maji na hewa ya ukaa. Wa pili ni mapafu, yaitoayo hewa hiyo nje. Ubongo ukihisi kwamba ukali umezidi, huyaamuru mapafu yafanye kazi kwa nguvu, na athari yake huonekana kwa dakika chache. Wa tatu ni figo, ambazo huitupa tindikali katika mkojo na kufanya chumvi mpya ya magadi. Lakini kazi yao ni ya polepole, na huchukua siku tatu mpaka tano kutimia. Mmoja akielemewa, mwenziwe humsaidia. Mapafu yakidhoofika, figo huongeza magadi. Tindikali ikizidi figo, mapafu hutweta. Walakini msaada huu una mpaka wake. Huisogeza mizani karibu na mahali pake, na kwa kawaida hauirudishi kamili, wala hauondoi kilichoiharibu.

Mfano ulio wazi ni kisukari. Mtu akikosa insulini, mwili hushindwa kuitumia sukari iliyojaa katika damu, ukageukia mafuta yake wenyewe. Na katika kuyaunguza mafuta hayo hutokea tindikali nyingi. Magadi ya damu hutumika yakapungua, na hapo ndipo mgonjwa huanza kuvuta zile pumzi ndefu. Daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, alizieleza katika mwaka 1874, na mpaka leo pumzi hizo huitwa kwa jina lake. Kabla ya insulini kuanza kutumika mjini Toronto, Kanada, mwaka 1922, hali hiyo karibu kila mara iliishia kaburini. Leo hutibika, iwapo itatambuliwa mapema.

Wala tusidhani kwamba wasio na elimu peke yao ndio huchanganya msaada na maradhi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, uliingiwa na ugonjwa wa polio, na wengi wakapooza misuli ya kupumulia. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliosaidiwa kwa mashine za wakati ule, 27 walifariki. Damu zao zilipopimwa, magadi yalikuwa mengi, na madaktari wakadhani kwamba hayo ndiyo maradhi. Daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, akasema sivyo: hewa ya ukaa imerundikana kwa sababu kifua hakipumui, na magadi yamezidi kwa ajili ya kuikabili. Tarehe 27 Agosti, msichana wa miaka 12 akapitishiwa mpira kooni, akapulizwa hewa kwa mkono, naye akanusurika. Wanafunzi wa udaktari kwa mamia wakashika zamu za kuwapulizia wagonjwa usiku na mchana, na vifo vikapungua sana.

Basi, ndugu msomaji, mtoto akishikwa na kiu isiyokatika, akikojoa mno, akikonda, kisha akatapika na kulalamika tumbo, na pumzi yake ikawa ndefu na nzito, pengine ikinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, usingoje kesho. Mpeleke hospitali saa ile ile, na uombe apimwe sukari, hata kama hakuna aliyewahi kuugua kisukari nyumbani kwenu. Usimpe dawa ya kumlaza, kwani huenda ukamzuia mlinzi kazini. Usimnyweshe magadi ukidhani utaitengeneza mizani mwenyewe. Na kwa yule ajulikanaye kuwa na kisukari, usimkatize insulini kwa sababu tu hawezi kula. Mwulize daktari kiasi kifaacho.

Jambo la mwisho ndilo la kukumbukwa zaidi. Pumzi hizo zikitulia huku mgonjwa akizidi kulegea na kusinzia, usishukuru ukasema amepata nafuu. Huenda mlinzi amechoka, na muda aliokuwa akikuwekea unakwisha.