KUTOKA MEZA YA KARANI: Kalamu Inayosema Hapana



Juma hili nataka tuzungumze juu ya watu ambao hatuwaoni kamwe, nao ni wafanyakazi wa makampuni ya bima ya afya. Daktari twamjua. Mwuguzi twamjua, hata jina la baba yake. Lakini yule akaaye mbali mjini, aipokeaye hati ya hospitali na kuamua kama italipwa au haitalipwa, huyo nani amjuaye? Na habari zake zatuhusu. Hapa Tanzania sheria ya bima ya afya kwa wote ilitungwa mwaka 2023, na tangu majaribio ya Igunga ya mwaka 1996 watu wengi wa vijijini wamekwisha kuonja mfuko wa afya ya jamii. Tena vijana wetu waliosomea hesabu au uuguzi huandikwa kazi katika ofisi za namna hiyo, na wazazi hufurahi, maana ni kazi ya kivulini yenye mshahara wa kila mwezi.

Nimechagua habari za Marekani. Sababu yake ni kwamba huko wafanyakazi kadhaa wa bima walisimama mbele ya Bunge wakaeleza kazi yao ilivyokuwa. Kwingine watu wa ofisi hunong'ona tu.

Kwanza tuelewane juu ya bima yenyewe. Ni ndugu wa chama cha kuzikana. Kila mtu atoa kidogo, na yule aliyepatwa ndiye achukuaye. Basi katika chama cha namna hiyo hapana budi awepo mtu wa kuchungua. Mtu akija kudai fedha za matanga ya shangazi ambaye amekwisha kuzikwa mara mbili, mweka hazina akimpa ni mjinga, na wanachama wote ndio watakaolia. Vivyo hivyo zipo hospitali zinazoandika dawa ambazo mgonjwa hakuzimeza, na wapo watu wanaoazimana kadi. Kwa hiyo kazi ya kusema hapana ni kazi halali, na mtu mwaminifu aweza kuifanya akalala usingizi. Shida yaanza pale mweka hazina anapoambiwa kwamba kila kinachobaki chunguni ni cha tajiri wake, na kwamba naye atapewa kipande.

Daktari mmoja mwanamke, Linda Peeno, mwaka 1987 alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Humana, mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Kazi yake haikuwa kumshika mgonjwa mkono; ilikuwa kusoma hati. Ililetwa hati ya mtu wa California, upande wa pili kabisa wa nchi, ambaye madaktari wake walitaka kumpandikizia moyo mwingine kwa kuwa wake ulikuwa umeharibika. Daktari Peeno akakataa malipo. Mtu yule akafa.

Ikapita miaka tisa. Tarehe 30 Mei 1996 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akasema waziwazi kwamba yeye, akiwa daktari, alisababisha kifo cha mtu. Alisema uamuzi ule uliiokolea kampuni nusu milioni ya dola. Hakuna mahakama iliyomwita, wala hakuna mtu wa kazi yake aliyemwuliza neno. Kinyume chake sifa yake ilipanda, na katika kazi hiyo ya bima mshahara wake ulikua kutoka dola mia chache kwa juma hata ukapita laki moja kwa mwaka. Kampuni nayo ilijitetea kwamba mkataba wa mgonjwa yule haukuwa na fungu la kupandikizwa moyo. Huenda kwa maandishi ndivyo ulivyokuwa. Lakini angalieni lililomwuma yule mama: hakumwona mtu yule hata siku moja. Kwake alikuwa karatasi iliyotoka kwenye mashine.

Mimi kazi yangu ni kuandika vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi, na najua jinsi jina linavyokuwa jepesi likiisha kuandikwa. Lakini majina niyaandikayo mimi, wenyewe wamesimama mlangoni wanapiga chafya, na mtoto analia. Karani wa bima hana mtoto wa kumlilia. Amewekewa mistari tu: umri, ugonjwa, bei. Mimi nadhani hilo, kuliko ukali wa wakubwa, ndilo linalogeuza watu wema kuwa wagumu.

Katika filamu iliyotolewa mwaka 2007, Daktari Peeno alieleza pia kwamba madaktari wa ofisi ile walihesabiwa asilimia ya maombi waliyokataa, na kwamba aliyekataa zaidi alipewa zawadi ya fedha. Mwenye mashaka na asome habari ya kampuni nyingine, Health Net ya California. Mwaka 2007, katika shauri la mwanamke mmoja mwenye duka la kusuka nywele, zilifunuliwa karatasi za ndani. Ikaonekana kwamba kati ya mwaka 2000 na 2006 kampuni ile ilifuta bima za watu wapatao 1,600, ikaepuka kulipa dola milioni 35 na nusu. Mfanyakazi aliyesimamia kazi ya kufuta alikuwa amepata zawadi zilizopita dola 20,000, na sehemu ya hesabu ya zawadi ilikuwa idadi ya bima alizofuta. Mama yule msusi alifutiwa bima yake akiwa katikati ya matibabu ya saratani ya titi. Mwezi wa Februari 2008 mwamuzi wa shauri aliamuru alipwe zaidi ya dola milioni tisa.

Namna ya kufuta ilikuwa hivi. Mtu akiumwa sana, karani alifungua fomu aliyoijaza zamani mtu huyo alipoomba bima, akaitafuta kasoro. Je, aliandika uzito wake sawasawa? Je, alitaja chunusi alizotibiwa? Ikionekana kasoro, bima ilihesabiwa kama haikuwapo tangu mwanzo. Mwezi wa Juni 2009 kamati ya Bunge ilipochunguza makampuni matatu makubwa, iligundua kwamba kwa miaka mitano yalifuta bima zipatazo 20,000. Katika karatasi zilizosomwa siku ile, mfanyakazi mmoja alikuwa amepewa alama 5 juu ya 5 na wakubwa wake, na katika mambo mema waliyoyaandika juu yake ni fedha za matibabu ambazo kampuni haikulipa kwa ajili ya kazi yake, karibu dola milioni kumi. Fikiri kijana wako analeta ripoti kama hiyo nyumbani, amepata tano juu ya tano, na mama anachinja kuku.

Sasa niwaeleze habari za Bwana Wendell Potter, ambaye kisa chake nakipenda kuliko vyote kwa sababu yeye hakugonga muhuri hata mmoja. Kazi yake ilikuwa maneno. Alikuwa mwandishi wa gazeti huko Tennessee katika ujana wake, kisha akaingia kazi ya bima, akapanda hata akawa msemaji mkuu wa kampuni ya Cigna. Gazeti likiandika kwamba mgonjwa fulani amenyimwa matibabu, yeye ndiye aliyepanga jibu lililo tamu.

Katika Julai ya mwaka 2007 alikwenda kuwaamkia wazazi wake Tennessee. Akasoma gazetini kwamba ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Wise, jimbo la Virginia, madaktari wa kujitolea watatibu watu bure kwa siku chache. Akaazima gari la baba yake akaenda kutazama. Akawakuta watu kwa mamia wamejipanga mstari katika mvua, na matibabu yakifanyika katika uwanja wa maonyesho, ndani ya mabanda ya wanyama. Wengine walikuwa wamesafiri usiku kucha ili wang'olewe meno. Na chama kile cha kujitolea kilianzishwa mwaka 1985 na Mwingereza, Stan Brock, aliyeishi Guyana miongoni mwa wachunga ng'ombe, kwa shabaha ya kuwapelekea waganga watu wa misitu ya Amerika ya Kusini. Wakaona haja ipo hata Marekani kwenyewe. Jambo hilo sisi wa vijijini, tuzoeao kuambiwa kwamba ng'ambo hakuna shida, inafaa tulisome mara mbili.

Majuma machache baadaye Bwana Potter alisafiri kwa ndege ya kampuni. Akaletewa chakula katika sahani yenye ukingo wa dhahabu, na kisu na uma vilivyopakwa dhahabu. Alisema baadaye kwamba pale ndipo alipokumbuka wale watu mabandani, na kuelewa ni michango ya nani inayolipia uma ule.

Hata hivyo hakuacha kazi siku ile, wala mimi simlaumu. Mshahara mzuri una mizizi: kuna nyumba, kuna karo za watoto, kuna miaka iliyobaki hadi pensheni. Kilichomng'oa kilikuja mwezi wa Desemba mwaka uleule. Binti wa miaka 17 huko California, Nataline Sarkisyan, aliyekuwa na saratani ya damu, ini lake lilishindwa. Madaktari waliomba apandikizwe jingine, na Cigna ikakataa ikisema matibabu hayo kwa mgonjwa wa hali yake hayajathibitishwa. Watu wakaandamana mbele ya ofisi, simu zikalia. Tarehe 20 Desemba 2007 kampuni ikageuza neno lake ikakubali kulipa. Binti alikufa jioni ileile. Na Bwana Potter ndiye aliyekuwa akiwajibu waandishi wa magazeti siku zile zote. Mwaka 2008 akaaga. Tarehe 24 Juni 2009 akaketi mbele ya kamati ya Seneti, akaanza kusema kile alichokuwa akilipwa akifiche.

Katika aliyoyafichua, moja la lugha lafaa lijulikane. Katika vitabu vya hesabu vya bima, fedha iliyolipwa hospitali kwa ajili ya mgonjwa huitwa hasara. Si mchango uliotumika kwa kazi yake, ni hasara. Mfanyakazi mpya husikia neno hilo siku ya kwanza, hushangaa kidogo, na baada ya mwaka hulitamka kama kawaida. Hapo hakuna aliyemdanganya. Amefundishwa msamiati tu.

Je, mambo yamebadilika? Kwa sehemu. Sheria ya mwaka 2010 iliyaagiza makampuni kwamba katika kila dola 100 za michango, 80 zitumike kwa matibabu na kuboresha huduma, nazo ni 85 kwa bima za makundi makubwa, au sivyo wanachama warudishiwe kilichozidi. Tangu mwaka 2014 mtu hawezi kukataliwa kwa sababu alikuwa mgonjwa kabla. Ule mchezo wa kufuta bima ulizuiwa pia, isipokuwa pale penye udanganyifu wa kweli.

Lakini kalamu ya hapana haikutupwa, bali imewekewa mashine. Mwaka 2023 shirika la habari la ProPublica lilieleza jinsi Cigna inavyotumia kompyuta kuyapambanua madai, kisha daktari wa kampuni huyatia sahihi kwa mafungu. Kwa miezi miwili ya mwaka 2022 madaktari wake walikataa madai zaidi ya 300,000, na ukigawanya muda wao, kila dai lilipata sekunde 1 na nukta mbili. Daktari mmoja aliyewahi kufanya kazi hiyo alisema hati hamsini zilimalizika kwa sekunde kumi. Kampuni ilijibu kwamba utaratibu huo ni wa kuharakisha malipo ya vipimo vya kawaida, tena hufanyika baada ya mgonjwa kutibiwa, hivyo hakuna anyimwaye dawa. Sawa. Lakini deni lile litamfuata mtu hadi nyumbani kwake, na mwenye deni la hospitali safari nyingine akiumwa hujikaza, haendi.

Daktari Peeno angalau alikumbuka ile hati miaka tisa baadaye. Huyu wa sekunde moja atakumbuka nini?

Kwa walio na bima, au watakaokuwa nayo, kuna jambo moja la manufaa katika habari hizi. Nchini Marekani sheria humpa mwanachama haki ya kukata rufani, kwanza kwa kampuni yenyewe, kisha kwa mwamuzi asiye wa kampuni. Mgonjwa aomba sababu kwa maandishi, na daktari wake aandika kwa nini matibabu yahitajiwa. Rufani nyingi hushinda, maana hati ikirudi na barua ya daktari hulazimika kusomwa. Lakini hesabu za taasisi ya KFF, juu ya bima zinazouzwa katika soko la serikali, zaonyesha kwamba katika madai 100 yaliyokataliwa halifiki hata moja linalokatiwa rufani. Na katika karatasi za Cigna alizozipata ProPublica, kampuni ilipopanga kuongeza aina ya vipimo vya kukataliwa na mashine ile, ilikadiria mapema ni wangapi watakaolalamika: watano katika mia.