Kiporo cha pilau kwenye maikrowevu

Mawimbi ya maikrowevu hupenya chakula sentimita chache tu. Katikati husubiri joto lisambae kutoka pembeni. Ndiyo maana bakuli la pilau ya jana hutoka likifuka mvuke ukingoni huku ndani kukiwa baridi, na vijidudu vikabaki hai.

Pilau itandazwe, inyunyiziwe maji kidogo, ifunikwe bila kubana, igeuzwe nusu ya muda, kisha iachwe itulie dakika 2. Kiporo kinatakiwa kifike nyuzi 74 za Selsiasi mpaka katikati.

Yai lenye ganda lisiingizwe kamwe kwenye maikrowevu: mvuke hukosa pa kutokea, likapasuka.

Wazazi nao wasipashe humo chupa ya mtoto. Nje huwa vuguvugu, ndani maziwa yanaweza kumbabua ulimi.