STERINGI HAFI, NA HAPO NDIPO TUNAPOHARIBIWA

*Sehemu ya 1*

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku. Nimeoga, chai ipo mezani, na badala ya kulala nimefungua grupu letu la muvi nikakuta komenti mia na kitu. Ubishi ni ule ule wa kila wiki. Avengers: Doomsday imepangwa kutoka tarehe 18 Desemba 2026, sasa je, T'Challa atarudi? Nusu ya grupu wanasema lazima arudi. Mmoja wa hapa hapa Ipuli, jirani yangu kabisa, kaandika kwa herufi kubwa: STERINGI HAFI, NESI. TULIA.

Nimeshindwa kutulia. Nitaandika sehemu kadhaa, mwenye haraka apite. Na kabla hamjaanza kusema "huyu hajui muvi", mimi ni shabiki. Endgame niliiangalia 2019 kwenye simu iliyopasuka kioo, nikalia mpaka mama akauliza nani kafiwa. Kwa hiyo naongea kutokea ndani ya nyumba, siyo dirishani.

*Sehemu ya 2*

Tuanze na huo msemo wenyewe. Sisi tuliokua na kibanda umiza tunaujua. Unakaa kwenye benchi la mbao, joto, vumbi, televisheni moja, watoto hamsini, na sauti ya Lufufu inatafsiri huku ikiongeza chumvi yake. Steringi akipigwa risasi hakuna anayeshtuka. Tunajua ataamka, atafunga kitambaa mkononi, atamfuata adui. Steringi hafi. Ndiyo kanuni, na kiingilio tulitoa tukiijua.

Sasa sikilizeni tofauti. Yule steringi wa zamani alikuwa HAFI. Alinusurika, basi. Hakuna aliyetuletea jeneza tukalizika halafu wiki ijayo akatuambia lilikuwa tupu. Steringi wa siku hizi ANAKUFA. Wanampigia muziki wa huzuni, wanaonyesha mjane, wanaonyesha mtoto, tunalia. Halafu baada ya miaka mitatu anarudi kupitia ulimwengu mwingine, kana kwamba alikwenda Nzega akachelewa basi.

Mnataka mifano? Haya.

Profesa X wa Patrick Stewart aliuawa kwenye muvi ya 2006. Akafa tena kwenye Logan ya 2017. Akafa tena kwenye Doctor Strange ya 2022. Mara tatu! Na Machi 2025 Marvel walipotangaza waigizaji wa Doomsday, kiti kimoja baada ya kingine, jina lake lilikuwemo. Loki alinyongwa 2018 mbele ya macho yetu, kiti chake kilikuwepo. Wolverine alizikwa 2017, na 2024 Deadpool & Wolverine inaanza kwa kufukua mifupa yake na kuifanyia vichekesho. Superman wa upande wa pili, DC, walimuua 2016 na 2017 wakamfufua.

Na Robert Downey Jr. Tony Stark alikufa kwenye Endgame, ile iliyoingiza karibu dola bilioni 2.8. Julai 2024 akavua kinyago jukwaani San Diego, ukumbi ukapasuka kwa kelele: amerudi, safari hii anaigiza Doctor Doom. Mtaniambia "siyo Tony, ni mtu mwingine". Najua. Lakini mlipiga kelele kwa ajili ya Doom au kwa ajili ya ile sura? Tuwe wakweli.

*Sehemu ya 3*

Watu wanasema mashabiki wamechoka na mashujaa. The Marvels ya 2023 iliingiza kama dola milioni 206 tu, wakati Black Panther ya 2018 ilipita bilioni 1.3. Kila mtu ana sababu yake: muvi ni nyingi, tamthilia ni nyingi, bando limepanda.

Mimi nasema mashujaa hawajatuchosha. Tumechoka kudanganywa machozi. Ukishajua hakuna anayekufa, kila ngumi inakuwa mchezo wa watoto. Mtu anaanguka kutoka ghorofani na wewe unatafuna karanga.

Najua kuna atakayejibu kwamba hiyo Deadpool & Wolverine yenyewe ilipita bilioni 1.3. Ni kweli, iliuza, na mimi nilicheka. Hata soda inauza kuliko maji. Lakini mgonjwa hatumwekei dripu ya soda.

*Sehemu ya 4*

Sasa turudi Wakanda, maana ndiko vita ilipo.

Chadwick Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, umri miaka 43, saratani ya utumbo mpana. Aligundulika nayo 2016 ikiwa hatua ya tatu. Yaani ile Black Panther mnayomwona anaruka juu ya magari, anapigana kwenye maporomoko ya maji, ndani yake kuna upasuaji na dawa za saratani, na karibu dunia nzima haikujua. Mimi niliyewahi kushika beseni mgonjwa wa dawa hizo akitapika, nikiangalia tena ile muvi sioni jumba la Wakanda. Namwona mtu anakwenda kazini akiwa na maumivu.

Marvel walikuwa na njia rahisi. DC kwenye The Flash ya 2023 walimtengeneza kwa kompyuta Christopher Reeve, mtu aliyefariki 2004, wakamning'iniza pale kama picha ya kalenda. Ryan Coogler na wenzake hawakufanya hivyo. Wakanda Forever ya 2022 inaanza Shuri yuko maabara, anahangaika kutengeneza dawa ya kumwokoa kaka yake. Ndiye mwanasayansi mkubwa kuliko wote Wakanda, ana mashine zote. Inashindikana. Mama yake anaingia, anamwambia kaka yako ametutoka.

Mmeangalia vizuri hapo? Shuri hakuwa kitandani. Alikuwa maabara. Kaka anakata roho, yeye anatafuta dawa. Hiyo nimeiona kwa macho yangu mara ngapi! Kijana anakimbia duka la dawa na karatasi mkononi, anarudi anatokwa jasho, dawa amepata, na sisi tumeshavuta shuka. Anakaa na ule mfuko wa dawa mapajani. Hajui ampe nani.

Hakuna muvi ya mashujaa iliyowahi kunionyesha kitu hicho. Na nyie mnataka kifutwe. Mnataka kwenye Doomsday mlango ufunguke, T'Challa wa ulimwengu mwingine aingie akitabasamu, Shuri amkumbatie, basi, yaishe. Na yule dada aliyekuwa maabara? Machozi yake yalikuwa ya bure?

*Sehemu ya 5*

Hapa naandika taratibu. Sitaji jina, wala mwaka, wala wodi.

Kulikuwa na mtoto wa kiume, miaka minane au tisa, ana selimundu. Wenye ndugu wenye selimundu mnajua zile siku mifupa inauma mpaka mtoto mwenyewe hataki kuguswa. Huyu alikuwa shabiki wa mashujaa kuliko nyie wote. Mjomba wake alimwekea muvi kwenye simu, na kitanda cha pili alikuwepo mwenzake, wanaangalia wote, sikio moja moja la earphone.

Usiku mmoja yule mwenzake alifariki. Watoto hulala, tukadhani hakuona. Asubuhi naenda kumpima joto, ananiambia, "Sista, mwenzangu wameshamchukua?" Nikasema ndiyo, baba. Akanyamaza. Halafu akasema, bila hata kulia, "Hamna shida. Ataletwa yule wa ulimwengu mwingine."

Nilipima joto. Niliandika kwenye chati. Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Kilichonibana ni kwamba alisubiri. Siku tatu kila mlango ukifunguliwa anageuza shingo. Siku ya nne akaacha kugeuka, na akaacha kuangalia muvi.

Sisemi Marvel ndiyo iliyomuumiza. Aliumizwa na kifo. Nasema kifo kilipomkuta, zile hadithi zote alizokariri hazikuwa na hata sentensi moja ya kumsaidia.

*Sehemu ya 6*

Najibu komenti za sehemu zilizopita.

"Nesi, ni muvi tu." Boseman mwenyewe aliwahi kusimulia, mpaka akatokwa machozi, habari za watoto wawili wenye saratani aliokuwa akiwasiliana nao wakati wa kutengeneza Black Panther. Wazazi walisema wanajikaza waione ikitoka. Hawakuifikia. Kwako tarehe ya kutoka ni komenti. Doomsday ilipangwa Mei 2026 ikasogezwa Desemba, wewe ukalalamika ukasahau. Kuna mtu mahali fulani miezi saba ndiyo kila kitu.

"Wagonjwa wanahitaji matumaini, unataka uwaonyeshe vifo?" Hapa nakushukuru, maana umenikumbusha Supa Modo. Ni muvi ya Kenya ya 2018, ya Likarion Wainaina. Msichana Jo, miaka tisa, anaumwa ugonjwa wa kufisha, anaota kuwa shujaa wa muvi. Mama anamtoa hospitali kumrudisha kijijini. Dada yake anaanza kumdanganya kwamba ana nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaingia kwenye uongo huo, mpaka wanaamua kumtengenezea muvi ya kweli. Na Jo anakufa. Hakuna ulimwengu mwingine. Lakini hakufa peke yake, kijiji kilikuwa naye. Hayo ndiyo matumaini ninayoyajua mimi kazini: kwamba hutaachwa peke yako. Waliyaonyesha bila kompyuta za mabilioni.

"T'Challa ni mkubwa kuliko mwigizaji, watoto wa Kiafrika wamenyang'anywa mfalme." Hii ndiyo hoja yenu nzuri, na sitaikanyaga. Ni kweli, James Bond amebadilishwa sura mara nyingi na hakuna msiba. Wangeamua 2020 kuweka mwigizaji mpya, ningenuna kidogo nikazoea. Ila hawakufanya hivyo. Walimzika. Walituvalisha nguo nyeupe sote. Ukishazika, umezika. Na mwisho wa muvi wametuachia mtoto wake, naye anaitwa T'Challa. Mfalme mnaye. Mwacheni akue.

Na nyie wa Tabora ndio mnanishangaza zaidi. Hapa Unyanyembe mtemi Isike alipigana na Wajerumani, na Januari 1893 boma lilipozidiwa alilipua ghala la baruti akiwa humo humo kuliko kushikwa. Mirambo, ambaye misafara ya pembe ilimwogopa huko Urambo, alikufa 1884, na inasimuliwa ni kwa maradhi ya koo, siyo vitani. Masteringi wetu walikufa. Wazee waliotusimulia hawakuwahi kuwafufua ili hadithi inoge. Imenoga hivyo hivyo, zaidi ya miaka mia.

*Sehemu ya 7, ya mwisho*

Kwa hiyo sitaangalia Doomsday? Nitaangalia. Siku ikifika kwenye flashi nitakuwa wa kwanza dukani, msinicheke.

Ninachokitumainia ni kidogo. Superman ya 2025 ya James Gunn ilinipa moyo: inaanza jamaa ameanguka kwenye barafu, ameshapigwa, anavuja damu, anamwita mbwa wake aje amburute. Shujaa anayeumia. Nataka zaidi ya hiyo. Coogler akituletea Black Panther ya tatu, nataka nimwone Shuri bado ana lile pengo, anaishi nalo, kama tunavyoishi.

Na Doom, kama ni lazima avae sura ya Tony, basi sura hiyo iwaume waliomzika. Isiwe ya kupigiwa makofi.

Ninachoogopa mnakijua: mlango utafunguka, wafu wote wataingia mmoja mmoja, ukumbi utapiga kelele, na jirani yangu ataniandikia SI NILIKWAMBIA.

Sawa, jirani. Siku hiyo utashinda ubishi. Lakini mimi usiku wake nitakuwa zamu, na kuna mtoto ataniuliza swali. Ukiwa na jibu la kumpa, usiliweke grupuni. Njoo nalo wodini.

Naenda kulala. Komenti ziko wazi, matusi hapana.